Mtandao umekatika au umekatwa? Historia inayofichwa na kitenzi

NILIKUWA kwenye foleni ya ofisi moja kule Changamwe. Watu walikuwa wamefika tangu alfajiri, wengine wamevuka feri kutoka Likoni, wengine wamepanda matatu mbili kutoka Kisauni. Ilipogonga saa nne, karani alichungulia dirishani akasema: “Sistimu iko chini. Kujeni kesho.” Mzee mmoja mbele yangu akamwuliza kwa upole, “Iko chini, mwanangu? Nani kaiteremsha?”

Watu walicheka, kisha foleni ikatawanyika. Mimi swali la mzee nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu ni swali la sarufi na la historia kwa wakati mmoja.

“Iko chini” ni tafsiri sisisi kutoka Kiingereza, lakini tusiwatupie Waingereza lawama zote. Kiswahili chenyewe kina njia yake kongwe ya kumficha mtenda. Ni ile kauli ya kutendeka: kata huzaa katika, vunja huzaa vunjika. Mtoto aliyeangusha kikombe hamwambii mamake “nimekivunja”. Husema “kimevunjika”, kana kwamba kikombe kilijiamulia. Kauli ya kutendwa, yenye kiambishi -w-, haina huruma hiyo. Ukisema “kimevunjwa”, msikilizaji hungoja jina la aliyekivunja.

Sasa tuitazame historia ya Mombasa kwa miwani hiyo.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Durban. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Zanzibar. Wazee wetu waliuita simu, neno lenye asili ya Kiajemi lililomaanisha waya. Waya ule ulikuwa wa serikali na wafanyabiashara wakubwa. Ulipokatika, mchukuzi wa Kilindini hakulala njaa kwa sababu yake. Barua ilikwenda kwa meli, hesabu iliandikwa daftarini, na mshahara ulihesabiwa mkononi.

Mambo yaligeuka karne hii. Mwaka 2005 forodha ilileta mfumo wa Simba, na mwaka 2008 bandari ikaanza kutumia KWATOS. Kati ya miaka hiyo, mnamo Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Milki za Kiarabu. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kila mfumo ulipoingia, daftari lilitoka. Hapo ndipo waya uliokuwa wa wakubwa ulipogeuka kuwa riziki ya mama muuza viazi karai.

Mtihani ulikuja Februari 2012. Siku chache baada ya nyaya nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu, intaneti ilipungua kasi zaidi nchini na kwa majirani zetu. Mitaani tukasema “mtandao umekatika”. Sivyo. Ulikuwa umekatwa. Meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, nayo nanga ikaukata waya wa TEAMS.

Julai 2023 somo lilirudi kwa ukali zaidi. Serikali ilikuwa imetoka tu kuhamishia huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Ghafla tovuti ikagoma. Kukata tiketi za treni mtandaoni kukawa taabu kwa abiria wanaopandia Miritini. Kulipia stima kukasumbua, huduma za pesa kwa simu zikasuasua, na wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni ikabidi waahidiwe kupewa wakifika. Ukiwa Kisauni, tokeni zimekwisha na samaki wako kwenye friji, hilo si suala la teknolojia tena. Ni suala la chakula cha watoto.

Vibandani watu walisema “sistimu imelala”. Lakini haikulala. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba ilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya hivyo, kwa kuielemeza tovuti maombi mengi ya uongo hadi ikashindwa kuwahudumia wenye haja ya kweli. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo.

Wala si lazima awepo adui. Mnamo Julai 19, 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilizimika. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudia kalamu. Chanzo kilikuwa sasisho lenye kasoro lililotumwa na kampuni ya CrowdStrike. Hata hapo yupo aliyetenda, ingawa hakukusudia.

Hoja yangu si kwamba kauli ya kutendeka ni kosa. Kamba iliyochakaa hukatika yenyewe, na fundi asiyejua bado chanzo ana haki ya kusema “imeharibika”. Hatari huanza pale kauli hiyo inapokuwa jibu la mwisho. Jambo lisilo na mtenda halina wa kuwajibika, na lisilo na wa kuwajibika halina fidia wala fundisho. Kibarua wa Likoni aliyepoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi huambiwa arudi kesho. Wa kumlipa jana yake hayupo, kwa kuwa hata katika sentensi hayupo.

Basi msomaji, ukiambiwa “iko chini”, usiishie kuguna. Uliza kama mama anavyouliza akikuta vigae sakafuni: “Nani kakivunja?” Kisha uliza la pili: daftari liko wapi?