Gridi Kabla ya Kinu: Mwanzo wa Mhandisi wa Nyuklia nchini Burundi

Burundi ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwaka 2009. Julai 2023 ikatia saini na Urusi makubaliano ya matumizi ya nyuklia kwa amani. Hata hivyo, kazi ya mhandisi wa umeme katika nyanja hiyo huanzia kwenye gridi. Kwa kanuni iliyozoeleka, mtambo mmoja hauzidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi, usije ukaiangusha yote unapozimika ghafla. Kinu kidogo cha megawati 50 kingehitaji gridi ya megawati 500, na hata kikizimwa huendelea kuhitaji umeme wa kukipoza.

Kituo cha jua cha Mubuga, Gitega, kilichozinduliwa mwaka 2021, kina megawati 7.5. Rusumo ina megawati 80, mali ya Burundi, Rwanda na Tanzania kwa mafungu sawa. Njia ya kilovolti 220 iliyobuniwa kuleta fungu la Burundi hupitia Muyinga hadi Gitega. Kwenye njia hiyo mhandisi chipukizi hujifunza kulinda mitambo na kusawazisha uzalishaji na matumizi. Sera inayowapeleka vijana ng'ambo kusomea nyuklia bila kuwaandalia nafasi hapo itakuwa imezisomeshea nchi nyingine wataalamu.