Daktari Edler na mwangwi wa moyo

Nani kati yetu asiyejua mwangwi? Mtu akisimama bondeni na kupaza sauti, mlima wamrudishia sauti yake. Mlima ukiwa karibu, sauti yarudi upesi; ukiwa mbali, yakawia. Wachungaji wa mbuzi wajua jambo hilo tangu utoto, wala hawakulisoma shuleni. Leo twataka kuwaeleza jinsi daktari mmoja wa Uswidi, huko kaskazini ya Ulaya, alivyotumia mwangwi kutazama moyo wa mtu aliye hai bila kumpasua kifua. Jina lake Inge Edler.

Kwanza tukumbuke kazi ya moyo. Moyo ni pampu ya nyama yenye vyumba vinne, na katika njia za damu mna milango midogo iitwayo vali. Vali hufunguka ili damu ipite, kisha hujifunga ili damu isirudi nyuma. Mmoja wa milango hiyo, ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto, una mapazia mawili. Vesalius, bingwa wa maumbile ya mwili aliyezaliwa Brussels mwaka 1514, aliufananisha na kofia ya askofu, ile mitra tuionayo kanisani siku za sikukuu kubwa. Ndiyo sababu hata leo madaktari wauita vali ya mitra.

Mlango huo una adui yake. Mtoto augua koo, koo lapona lenyewe, wazazi wasahau. Baada ya wiki mbili au tatu homa ya baridi yabisi yaanza. Viungo vyavimba na kuuma, na kwa watoto wengine vali za moyo nazo zaumia. Homa ikiisha huacha makovu. Miaka yapita, homa yarudi tena na tena, mapazia ya mitra yashikamana, na mlango wabaki kama tundu dogo. Hapo damu yakwama nyuma yake na kulemea mapafu. Sisi tuendao kuwatazama wagonjwa nyumbani tumewaona vijana wa namna hiyo: usiku hawawezi kulala chali, bali hukaa wima mkekani wakihema, na mama yao yu macho kando yao.

Zamani madaktari hawakuwa na njia ya kuufungua mlango huo. Lakini mwaka 1948, huko Marekani, Charles Bailey na Dwight Harken, kila mmoja katika mji wake, walifaulu kuufungua katika moyo unaopiga. Mpasuaji alipitisha kidole chake ndani ya moyo na kuyaachanisha mapazia yaliyoshikamana. Kazi hiyo ilienea upesi Ulaya pia. Hata hivyo ilikuwa na sharti moja kubwa: ilifaa ikiwa vali imebana tu. Ikiwa vali inavuja, yaani haijifungi sawasawa, kuipanua hakumsaidii mgonjwa, tena kwaweza kumdhuru.

Sasa, nani atasema kama vali inabana au inavuja? Katika mji wa Lund, kusini ya Uswidi, mzigo huo ulimwangukia Edler. Alizaliwa mwaka 1911, akasomea udaktari papo hapo Lund, na kuanzia mwaka 1950 alisimamia uchunguzi wa magonjwa ya moyo katika hospitali ya chuo kikuu. Alisikiliza vifua, alitazama picha za eksirei, aliingiza mpira mwembamba katika mshipa hata ufike moyoni. Vyote hivyo havikumpa jibu la hakika. Akikosea, mgonjwa aweza kufa mezani mwa wapasuaji kwa ajili ya neno lake yeye.

Edler hakuona haya kusema kwamba haoni. Alikwenda kuwauliza watu wa fizikia: wakati wa vita rada iliona ndege gizani na mawinguni, je, haiwezi kuuona moyo kifuani? Hivyo, mwaka 1953, alikutana na Carl Hellmuth Hertz. Jina hilo si geni kwa wasikilizaji wa redio, maana Heinrich Hertz, ndugu wa babu yake, ndiye aliyethibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo. Kijana huyo alikuwa askari wa Ujerumani vitani, akatekwa, akapelekwa Marekani kuwa mfungwa. Baada ya vita alifika Lund, akaendelea na elimu yake.

Hertz alijibu kwamba rada haitafaa, kwani mawimbi yake hukimbia kama nuru, na kifua ni umbali mfupi mno. Lakini sauti huenda polepole zaidi. Hapa haisemwi sauti ya kawaida. Sikio la mtu husikia mitikisiko isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Mawimbi aliyoyafikiria Hertz hutikisika mara milioni na zaidi, wala hakuna asikiaye kitu. Mwilini husafiri kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Yakigonga ukuta wa moyo, mwangwi warudi. Kama ukuta uko ndani sentimeta 7 na nusu, mwangwi warudi kwa muda wa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mtu apimaye muda ule ajua umbali. Na umbali ukibadilika kila pigo, ajua jinsi ukuta ule unavyokwenda na kurudi.

Chombo cha kupimia kilipatikana wapi? Kiwandani! Katika mji wa Malmö, karibu na Lund, kiwanda cha meli cha Kockums kilikuwa na mashine ya kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Hertz aliiazima kwa siku chache, akaiweka juu ya kifua chake mwenyewe, na tazama, alama ilicheza kwenye kioo sawa na mapigo ya moyo wake. Kisha kampuni ya Siemens ya Ujerumani iliwaazima mashine nyingine. Tarehe 29 Oktoba 1953 waliandika kwenye filamu mwendo wa moyo kwa njia ya mwangwi, na mwaka 1954 walitangaza kazi yao.

Watu wengi wangesimama hapo na kujisifu. Lakini kulikuwa na jambo gumu bado. Kwa wagonjwa wenye mitra iliyobana, Edler aliona mwangwi mmoja wenye nguvu, akadhani watoka katika ukuta wa chumba cha juu cha moyo. Je, ni kweli? Hakuridhika na kudhani. Kwa wagonjwa waliokuwa karibu kufa, aliweka alama kifuani mahali mawimbi yalipoingia, na upande yalikoelekea. Walipokufa, chuma chembamba chenye ncha kilipitishwa kufuata njia ile ile, kisha mwili ukafunguliwa. Kumbe! Chuma hakikuelekeza ukutani, bali kwenye pazia la mbele la vali ya mitra. Edler alikubali kosa lake na kulisahihisha. Tangu hapo alijua anachokiona. Pazia zima hufunguka, halafu hurudi upesi. Pazia lenye makovu hurudi polepole, na mstari wake kwenye filamu hulala. Wapasuaji wakapata neno la kutegemea.

Habari hizo hazikuenea haraka. Mwaka 1960 Edler na wenzake walionyesha filamu ya kazi yao huko Roma, madaktari wa moyo wa Ulaya walipokutana. Miaka iliyofuata, Claude Joyner na John Reid huko Philadelphia, na Harvey Feigenbaum huko Indianapolis, waliishika kazi hiyo. Na lile swali la kwanza, kama vali inavuja? Mistari ya mwangwi ilionyesha kubana vizuri kuliko kuvuja. Edler hakulisahau. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, pamoja na mhandisi Kjell Lindström, alitumia namna nyingine ya mawimbi hayo, iitwayo Doppler, ambayo husikia mwendo wenyewe wa damu. Miaka zaidi ya kumi na tano ilikuwa imepita, naye bado alikuwa akilitafutia swali lile jibu.

Mwaka 1977 Edler na Hertz walipewa pamoja Tuzo ya Lasker huko Marekani. Hertz alifariki mwaka 1990, Edler mwaka 2001. Wahenga wetu husema: kuuliza si ujinga. Daktari aliuliza, mwanafizikia akajibu, kiwanda cha meli kikaazima, nao wafu wakalisahihisha kosa.

Leo mashine ya ekografia ya moyo yaweza kuwa ndogo hata kubebwa mkononi, nayo huonyesha picha nzima ya moyo na njia ya damu. Lakini homa ile haijaisha. Mwaka 2018 mataifa yaliyokutana Geneva katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani yaliazimia kupigana nayo, maana yaendelea kuharibu mioyo ya watoto wa nchi maskini, na sisi tumo. Basi, wazazi, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msingoje lipone lenyewe. Mpelekeni zahanati mapema: penisilini itolewayo kwa wakati yaweza kuzuia homa ya baridi yabisi. Na mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo, msimwachishe sindano zake kwa kuwa aonekana mzima. Muulizeni mganga kwanza, na mfuate neno lake.