Kompyuta Ilipoagizwa kwa Kilatini

Mwaka 2000 Damian Conway, aliyekuwa akifundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alitoa programu aliyoiita Lingua::Romana::Perligata. Mtu huandika maagizo kwa Kilatini, nayo huyageuza yawe lugha ya programu ya Perl, na kompyuta ikayatekeleza.

Wengi walicheka, na mzaha kweli ulikuwamo. Ila Conway alikuwa na hoja. Katika lugha nyingi za programu, kazi ya neno hutegemea mahali lilipokaa. Ukiandika x = y, thamani ya y huingia kwenye x; ukizipindua, hesabu imeharibika. Kilatini hakina shida hiyo, kwa kuwa mwisho wa neno ndio unaotaja mtenda, mtendwa na mtendewa.

Akaifuata kanuni hiyo mpaka mwisho. Jina likiwa katika umoja, ni thamani moja. Likiwa katika wingi, ni orodha nzima. Nextum ni kitu kinachotolewa, nexto ni chombo kinachopokea, na kitangulie kipi ni hiari ya mwandishi. Amri ya kuweka thamani ni da, ya kuchapisha ni scribe. Namba nazo ni za Kirumi. Kwa mfano wa kuonyesha kazi, alichagua chekecheo la Eratosthenes, njia ya kale ya kutafuta namba tasa iliyobuniwa na yule mtaalamu wa Aleksandria. Mfano huo ulimfaa.

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kuelewa kwamba mpangilio wa maneno unaweza kubadilika na maana ikabaki: kitabu kimeanguka, kimeanguka kitabu, ki- inatuonyesha kilichoanguka.

Wala si ajabu kwamba Perl ndiyo iliyokubali vazi la Kilatini. Larry Wall, aliyeitoa mwaka 1987, alisomea isimu. Yeye na mkewe walikusudia kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine hapa Afrika, waitungie alfabeti na kutafsiri Biblia. Afya ikawazuia, akaishia kwenye maabara ya NASA, California, na baadaye akabuni lugha ya programu.

Perligata haikukusudiwa kuendesha benki, na mtu angekuwa mkaidi kuitumia hivyo. Lakini imethibitisha kwamba mpangilio wa maneno katika programu ni mazoea tu, wala si sheria ya mashine. Bado inapatikana bure kwenye CPAN, hazina ya programu za Perl mtandaoni. Aliyepitia Kilatini cha seminari na anayejua Perl kidogo, na aijaribu.