Hesabu ya Miti ya Handeni na Korogwe: Kutoka Daftari hadi Programu Huria

Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1904 utawala wa Wajerumani ukatoa sheria ya kulinda misitu. Waingereza, waliotawala baada yao, waliweka makao makuu ya Idara ya Misitu huko Lushoto, milimani juu ya Korogwe. Hesabu za enzi hizo zilitazama zaidi miti yenye soko, kama mvule na mninga. Misitu ya miombo ya Handeni, iliyowapa Wazigua asali, dawa na kuni, haikupewa uzito huo.

Mambo yalibadilika kuanzia 2009, Wizara ya Maliasili na Utalii ilipoanza NAFORMA, tathmini ya misitu ya Tanzania Bara nzima, kwa fedha za Finland na utaalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Ploti zilipangwa kwa makundi yaitwayo klasta, na ndani ya klasta kila ploti ilikuwa mita 250 kutoka ploti jirani. Kila ploti ilikuwa na duara ndani ya duara. Mti wenye kipenyo kinachozidi sentimita 20 ulipimwa popote ndani ya mita 15 kutoka katikati. Mti wa sentimita 5 hadi 10 ulipimwa ndani ya mita 5 tu. Ndiyo maana mti mdogo mmoja huwakilisha miti 127 kwa hekta, na mkubwa 14 tu. Anayesahau tofauti hiyo hukosea hesabu mara tisa.

Kazi hiyo haiwezekani kwa kalamu na kikokotoo. FAO ilikuwa ikiunda Open Foris, mkusanyiko wa programu huria, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitumia. Sehemu yake iitwayo Collect hupokea takwimu za fomu na kukamata makosa, mathalani mti ulioandikiwa urefu usiowezekana. Calc hukokotoa ujazo na makadirio kwa kutumia R, lugha ya takwimu iliyobuniwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Faida kubwa si kwamba programu ni ya bure, bali kwamba kanuni zake zinaonekana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliochapisha mwaka 2016 kanuni za ujazo na uzito wa miti ya Tanzania, wanaweza kubadili kanuni ya zamani na kukokotoa upya takwimu zilezile.

Matokeo ya 2015 yalionyesha hekta milioni 48.1 za misitu, takriban asilimia 55 ya ardhi ya Bara. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, ingawa nayo ni ya kijani, hayamo katika hekta hizo.

Hata hivyo, klasta za wilaya moja ni chache, na uchache huo huongeza kosa la makadirio. Kijiji cha Handeni kinachotaka kuvuna msitu wake chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 bado hulazimika kupima ploti zake chenyewe.