Asali ya Mbwa wa Msakaji

Masika ya 1871, Henry Morton Stanley alivuka mbuga ya Mkata akielekea Usagara na punda wa mizigo, na maji na matope yakawamaliza wengi wao. Wasomaji hukumbuka homa za Wazungu. Sisi tuliokulia Ruaha, kusini mwa Mikumi, tunawafikiria wale punda: mgongo uliochunwa na mzigo, nzi juu yake, na kesho safari ipo palepale.

Wajerumani walipofungua kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, shida yao ilikuwa magonjwa yanayofagia zizi zima, kama sotoka. Nani angemtuma mganga wa serikali kwa jeraha la punda mmoja, au la mbwa? Ndiyo maana asali ilibaki kazini muda mrefu huku kwetu kama dawa ya vidonda vya wanyama.

Babu yangu, Mvidunda, alisaka nguruwe pori kwa mbwa. Mbwa akipasuliwa ubavu, babu alichemsha maji na chumvi, akayaacha yapoe, akaosha, akanyoa manyoya pembeni kwa wembe. Kisha asali nzito ya nyuki wakubwa, kutoka mzinga wa gogo. Ile ya nyuki wadogo aliiweka kwa kikohozi chetu, na ole wako ukionekana karibu na chupa yake. Juu alifunga kipande cha kanga kuukuu, akakaza kweli, maana mbwa huilamba dawa yote kabla hujanawa mikono. Kitambaa kikilowa usaha, alibadilisha, akapaka upya.

Wamisri wa kale waliandika dawa hiyohiyo kwenye mafunjo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Asali ina maji machache, kwa hiyo huyavuta kutoka kwenye bakteria, ina uchachu, na ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki hutoa hidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Siku hizi hospitali za nje hununua asali iliyosafishwa kwa mionzi kwa kazi hiyo.

Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa 1964, na pori la kutundika mizinga likapungua. Miaka ya 1970 kiwanda cha pili cha Sukari Kilombero kikajengwa Ruembe, mlangoni kwetu kabisa. Sikilaumu kiwanda, lakini kwenye chupa za asali zinazouzwa kando ya barabara kuu, nyingine ni sukari iliyochemshwa. Sukari nayo hukausha kidonda kiasi, ila kimeng'enya haina, na maji yaliyochanganywa nayo hujui yametoka mto gani.

Kwa hiyo, mwenye punda au mbwa, nunua asali kwa mrina unayemjua, usiichemshe, na uitumie kwa jeraha la juujuu lililooshwa. Jeraha lenye kina, lenye funza au linalonuka, ni la bwana mifugo. Na mnyama akiumwa na mbwa usiyemjua, usipoteze muda na chupa: asali haizuii kichaa cha mbwa.