Picha ya Kizalendo ya Zamani Ina Thamani Gani?

 

Somo letu la leo ni la historia, lakini litaanzia ukutani. Katika nyumba nyingi utaona picha imetundikwa: bendera, kiongozi wa taifa, au siku ya kupata uhuru. Picha za namna hiyo hupigwa chapa ili zipambe nyumba na kutia watu moyo wa kuipenda nchi yao. Zikizeeka, watu huuliza, “Yauzwa bei gani?” Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Leo tutajifunza maswali yanayolitangulia, na mfano wetu tutautoa Marekani.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, katika mji wa Boston, watu waligombana na askari wa Uingereza, nchi iliyokuwa ikiwatawala. Waliwatupia askari mabonge ya theluji na vipande vya barafu. Askari wakapiga bunduki, na watu watano wakafa. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile.

Mwezi ule ule, Paul Revere, fundi wa vyombo vya fedha, alitoa picha ya mambo hayo. Mchoro aliunakili kwa Henry Pelham, ambaye alilalamika sana kwa barua. Revere aliuchonga katika bamba la shaba nyekundu, akapiga chapa, kisha nakala zikapakwa rangi kwa mkono.

Sasa itazame picha hiyo. Askari wamejipanga mstari mmoja, na afisa wao ameinua upanga kama mtu anayetoa amri. Watu wa mji hawana silaha. Juu ya jengo la forodha pana kibao kinacholiita jumba la mchinjaji. Je, ndivyo ilivyokuwa? Mwaka ule ule kesi ilisikilizwa. Afisa, Kapteni Thomas Preston, alionekana hana hatia. Katika askari 8, 6 waliachiliwa, na 2 walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Basi picha ile haikuchorwa ili kueleza tu. Ilichorwa ili kuwasha hasira. Na tena, katika nakala nyingi kila aliyeanguka amepakwa rangi ya Mzungu. Attucks amefichwa.

Miaka 86 ikapita. Mwaka 1856, mjini Boston, ilitoka picha nyingine ya usiku ule ule, iliyochorwa na William Champney na kupigwa chapa na John Bufford. Humo Attucks yuko katikati kabisa, mtu mweusi, ameshika bunduki ya askari huku akipigwa risasi. Kwa nini sasa anaonekana? Kwa sababu wakati huo Wamarekani walikuwa wakibishana vikali juu ya utumwa. Wapinzani wa utumwa walitaka kila mtu ajue kwamba damu ya mtu mweusi ilimwagika tangu mwanzo wa kudai uhuru. Mwaka uliofuata, 1857, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba watu weusi si raia. Utumwa ulikomeshwa nchini kote mwaka 1865.

Umeona, msomaji? Tukio ni moja, picha ni mbili, na kila moja yatueleza habari za siku zake zenyewe.

Sasa tuje kwenye kupima. Kwanza, chukua kioo cha kukuzia. Ukiona rangi zimefanywa kwa vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa, huenda hiyo ni nakala ya mashine za siku za karibuni, kama picha za kalenda. Pili, pitisha kidole taratibu kando ya picha. Bamba la shaba hukandamiza karatasi na kuacha alama ya kingo zake. Tatu, inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi za siku za Revere zilitengenezwa kwa matambara, na nyingi huonyesha mistari ndani yake.

Lakini usifanye haraka. Bamba la Revere lingalipo, limehifadhiwa Massachusetts, na nakala nyingine zilipigwa kwalo miaka mingi baada yake. Nakala kama hiyo ina mistari ya Revere mwenyewe, lakini si ya mwaka 1770. Kwa hiyo alama moja haitoshi. Hapana budi zipatane zote. Wala usiisugue picha wala kuikata kingo ili iingie katika fremu, kwani utaipunguzia thamani.

Nyumbani, chagua picha moja ya nchi yako, ya zamani au mpya. Andika majibu ya maswali haya katika daftari lako:

1. Picha hii ilipigwa chapa lini, na je, ni wakati ule ule wa jambo inaloonyesha?
2. Nani aliitoa, naye alitaka tuone nini?
3. Nani alikuwapo siku ile, lakini katika picha hayumo?

Ukiweza kujibu swali la tatu, umekwisha ipima picha hiyo kuliko mfanyabiashara anayejua bei yake tu.

Kwaherini, na someni kwa bidii.