Anayejiona: Dodoso la Hulka Linapofika Misikhu

Mwaka 1997 Robert McCrae na Paul Costa walitangaza kwamba muundo wa hulka ni mmoja kwa wanadamu wote. Sifa zake ni tano: uchangamfu, ukunjufu, bidii, wasiwasi, na uwazi kwa mambo mapya. Kauli hiyo ingebaki katika majarida, isingetusumbua sana. Lakini Mtaala wa Umilisi sasa unamtaka kijana wa Kenya achague mkondo mmoja kati ya mitatu kabla ya kuingia Gredi ya 10, na kishawishi cha kumpima hulka ili aelekezwe ni kikubwa. Ninadai hapa kwamba dodoso la kujieleza, likitafsiriwa tu na kuletwa kwetu, hupima kitu kingine kabisa.

Chimbuko la nadharia hii halina ubishi. Francis Galton mwaka 1884, kisha Gordon Allport na Henry Odbert mwaka 1936, walitafuta tabia za watu ndani ya kamusi; hawa wawili waliokota maneno karibu 18,000 ya Kiingereza. Kwamba jamii huyapa majina mambo inayoyajali, sote tunakubali. Ubishi ni huu: maneno ya nani, na nani ana haki ya kuyasema juu ya nani?

Chukua dodoso mashuhuri la vipengele 44 la Oliver John na wenzake (1991). Kila kipengele huanza kwa maneno ambayo, yakitafsiriwa moja kwa moja, huwa “najiona kama mtu ambaye…” Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kishazi hicho kimebeba nini. Kusema “fulani anajiona” ni kumshtaki kwa majivuno. Hivyo, kabla hajajibu lolote kuhusu bidii au upole wake, mhojiwa ameshatakiwa atende kosa la adabu.

Nililiona hilo Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Nilimsomea msichana mmoja kipengele cha kufanya kazi kwa makini. Alitazama chini, akachora mchangani kwa kidole cha mguu, kisha akasema: “Mwalimu, hilo ni la kusemwa na mimi? Muulize kukhu.” Bibi yake alikuwa akichambua murere kwenye ungo. Hakuinua macho. “Huyu? Ukimwachia mtoto mchanga, hata radi ipige hatamwacha. Ukimtuma kusaga mahindi jioni, atakwenda akinung'unika mpaka barabarani. Akiwa na wenzake ndiye wa kucheka. Akija khocha wake, yaani mjomba, hutasikia sauti yake.”

Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Lingemtaka kukhu achague namba moja kati ya tano: mjukuu wako ni mchangamfu kiasi gani? Lakini yeye alikuwa amesema jambo sahihi zaidi: mchangamfu mbele ya nani. Walter Mischel alizua mtafaruku mwaka 1968 alipodai kwamba sifa za jumla hutabiri kidogo mno kile mtu atakachofanya. Mwaka 1995, pamoja na Yuichi Shoda, alipendekeza kwamba uthabiti wa mtu umo katika mpangilio wa “ikiwa hivi, basi vile”. Kukhu hajawasoma. Kiambishi -ki- kilimtosha: ukimwachia, ukimtuma, akija.

Wala hili si la bibi mmoja. Kijana wa Kibukusu anayetahiriwa Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili hatangazi kwamba ni jasiri. Husimama alfajiri, mwili umepakwa tope baridi la mtoni, na wengine ndio watakaosema alisimama vipi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni tafsiri tu, tuandike “mimi ni mtu ambaye”. Tusi litaondoka, lakini sharti la kujisifu litabaki. Pingamizi zito zaidi ni la McCrae mwenyewe: mwaka 2005 yeye na wenzake waliwauliza wanafunzi wa vyuo katika tamaduni 50 kuhusu watu wengine, na sifa tano zikajitokeza katika nyingi. Ila waliojibu walikuwa wasomi, na vipengele vilikuwa vimechaguliwa kwingine. Amber Thalmayer na wenzake (2020) walipoanza na maneno ya Kimaa yenyewe, Wamaasai wakieleza watu wanaowajua, sifa hizo tano hazikujirudia. Kwa Watsimane wa Bolivia, Michael Gurven na wenzake (2013) walizikosa hata pale wanandoa walipowaeleza wenzi wao.

Ushahidi huo wa pili unanibana na mimi: kumhamisha msemaji hakutoshi. Lazima maneno na vipengele vizaliwe hapa, kwa Lubukusu kwanza, kisha Kiswahili, vikiwa sentensi za -ki- zinazosemwa na wanaoishi na kijana. Pengine sifa tano zitajitokeza; zikijitokeza, nitazikubali. Hadi hapo, asiwepo mtoto wa Misikhu atakayeelekezwa mkondo wa maisha yake kwa sababu alikataa, kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, kujiona.